Kocha Ni Yule Anayerudi Jumatatu

Wadau, wiki hii sina video. Nina maneno tu, na mengine yananigusa mimi mwenyewe vibaya.

Mnaonifuata kutoka mwanzo mnakumbuka ile video ya uwanja wa Kawangware iliyonipeleka mbali. Ilikuwa Jumamosi, jua kali. Magari mawili makubwa meupe yameegeshwa kando, bango limefungwa nyuma ya goli, na watoto karibu themanini wamevaa jezi mpya ambazo bado zina mikunjo ya kiwandani. Kulikuwa na spika. Kulikuwa na maji ya chupa. Kulikuwa na kocha mgeni mwenye koni za rangi ya chungwa, akiwapanga watoto kwa mistari, na kila akipiga makofi nao wanapiga makofi. Mimi na simu yangu tulikuwa kila kona. Nikampata mtoi mmoja akipiga chenga watu watatu halafu anafunga, nikaweka muziki chini, nikaandika maneno matamu juu. Mkapenda. Mkasambaza. Kwa siku tatu nilijiona kama nimefanyia mtaa kitu.

Jumatatu nikapita hapo nikielekea steji ya 46. Bango halipo. Koni zimeenda na wenyewe. Watoto walikuwa wamebaki kama ishirini, baadhi na zile jezi, sasa zina rangi ya vumbi letu. Mbele yao alisimama mzee mmoja na traki ya buluu iliyofifia, filimbi shingoni, mipira miwili miguuni. Mmoja wa hiyo mipira umeshonwa na uzi wa fundi viatu.

Alikuwa Mwalimu wangu. Aliyenifundisha mpira nikiwa na miaka kumi na mbili.

Akaniona. Akaniambia, "Eh, kijana wangu. Leo hukuja na simu?"

Simu ilikuwa mfukoni. Nikamwambia, "Shikamoo Mwalimu, nakimbilia mahali, nitapitia kesho." Akasema sawa, akapuliza filimbi, watoto wakaanza kuzunguka uwanja. Nikaenda. Ukweli ni kwamba sikuwa nakimbilia mahali popote.

Sasa nataka tuongee kuhusu makocha wa shule. Si hawa wa kwenye runinga wenye suti. Naongea kuhusu mwalimu wa gemu. Nataka tujiulize kocha wa shule akifanikiwa tunajuaje, na akiondoka anaacha nini.

Nianze na Mwalimu. Jina lake sitaandika kwa sababu sijamuomba ruhusa, na yeye si mtu wa kupenda kutajwa. Alikuwa mwalimu wa bodi, si wa TSC. Wale mmesoma mitaa hii mnaelewa tofauti. Mwalimu wa TSC ana mshahara wa serikali na payslip ya kuonyesha benki. Mwalimu wa bodi analipwa na shule, shule ikipata, na ikipata inalipa kidogo. Alifundisha hisabati asubuhi, na saa kumi jioni anavua koti, anaingia uwanjani. Hakuna aliyemlipa kwa hiyo ya saa kumi. Mistari ya uwanja alichora na majivu aliyoomba kwa mama wa chapati. Mipira alinunua yeye.

Mechi zetu kubwa zilikuwa za Kibera. Shule haikuwa na pesa ya fea ya timu nzima, kwa hivyo tulipiga mguu: tunatoka 46, tunashika Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, tunafuata Ngong Road tukipita upande wa Jamhuri, tunatokea Adams, tunakata Woodley, tunateremka Toi, tunafika Makina. Tukifika tumechoka kabla ya mechi. Mwalimu alikuwa anasema hiyo ndiyo mazoezi ya kupasha misuli, na sisi tulimwamini.

Siku moja tulipigwa tano kwa moja. Kurudi hakuna aliyeongea. Pale Toi akasimama, akahesabu sarafu, akanunua mandazi, akazigawa nusu nusu. Tulifika Kawangware giza limeingia. Hakutuachia njiani. Alimpeleka kila mtu mlangoni: Gatina, Congo, Kabiro, mmoja baada ya mwingine, na kila mlango alingoja mpaka mtu mzima atoke ndiyo aondoke. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka mwisho. Sijui alifika kwake saa ngapi.

Kuna wakati beki wetu wa kulia, namba mbili, alipotea wiki moja. Sisi tulidhani amehamia timu nyingine. Mwalimu akaenda kwao. Akakuta mwenye nyumba amefunga mlango kwa kufuli kwa sababu ya kodi, na mama na watoto wanalala kwa jirani, vitabu vyote viko ndani. Sijui aliongea nini na mwenye nyumba. Ninachojua ni kwamba Alhamisi namba mbili alirudi mazoezini na begi lake mgongoni.

Sasa niwaambie matokeo. Kwa miaka yote niliyomjua, Mwalimu hajatoa mchezaji hata mmoja wa Harambee Stars. Hajatoa wa Ligi Kuu. Kabati la shule lina vikombe vitatu, na kimoja kimevunjika mkono. Ukipima kwa vikombe, huyu si kocha aliyefanikiwa. Ndiyo maana kwa muda mrefu sikuwahi kumfanyia video. Nilijiuliza, kichwa kitasemaje?

Hapo ndipo nikaanza kumfikiria kocha mwingine wa shule, yule ambaye kila Mkenya anakubali alifanikiwa. Nikataka kuona yeye alifanya nini ambacho Mwalimu wangu hakufanya.

Kocha huyo ni Brother Colm O'Connell. Ni Muayalandi, mtawa wa shirika la Patrician Brothers. Alifika Kenya 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's, Iten, kule juu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kumbuka hilo: jiografia. Hakuwahi kuwa mwanariadha. Hakuja na cheti cha ukocha. Shule tayari ilikuwa na timu ya riadha, na aliyekuwa akiisimamia alikuwa mwalimu kutoka Uingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster yule mkimbiaji. Foster alipoondoka, timu ikabaki bila mtu. Mwalimu wa jiografia akaichukua.

Na akakaa. Miaka ikapita kumi, ikapita ishirini, ikapita arobaini.

Waliopita kwenye mikono yake na katika shule ile ukiwataja unaishiwa na pumzi. Ibrahim Hussein, aliyesoma hapo, ndiye Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za marathoni za New York, 1987, na mwaka uliofuata akachukua Boston. Peter Rono alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul 1988 akiwa na miaka 21 tu. Matthew Birir akachukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, siku ile Wakenya walipochukua nafasi zote tatu. Wilson Kipketer, ambaye baadaye alikimbilia Denmark, aliivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997. Janeth Jepkosgei akawa bingwa wa dunia wa umbali huo huo, Osaka 2007, kwa sababu Brother Colm hakubaki na wavulana wa shule yake peke yao. Alifungua kambi za likizo ambazo wasichana wa shule nyingine walikaribishwa pia, wakati ambapo wengi walidhani msichana akimaliza shule na mbio zimeisha.

Halafu kuna David Rudisha. Huyu hakuwa hata mwanafunzi wa St. Patrick's. Alikuwa kijana wa Kimaasai kutoka Kilgoris, mtoto wa Daniel Rudisha aliyeleta medali ya fedha ya mita 400 kupokezana kutoka Mexico 1968. Kijana mwenyewe alikuwa anakimbia mita 400. Kocha akamtazama, akamsogeza mita 800. Tarehe 9 Agosti 2012, London, Rudisha akaongoza fainali ya Olimpiki kutoka mwanzo mpaka mwisho na kumaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Mbio zile zilikuwa kali kiasi kwamba aliyekuwa wa nane, wa mwisho kabisa, alikimbia muda ambao ungemshindia dhahabu Beijing, Athens au Sydney. Wa mwisho, buda!

Ukienda St. Patrick's utakuta miti yenye vibao vya majina. Wanafunzi waliopata ubingwa walipandiwa miti pale shuleni. Mwanafunzi anapita chini ya kivuli cha Peter Rono akienda kula githeri.

Nikiangalia hiyo orodha na ile kabati yetu ya vikombe vitatu, nilitaka kufunga simu nilale. Lakini nikaendelea kuuliza: alifanya nini hasa, kila siku?

Jibu halina utamu wa kuwekewa muziki. Anajulikana kwa kutazama. Anasimama kando ya njia ya udongo na kuwaangalia vijana wakikimbia polepole, wakijifunza kushika mwili vizuri, mabega, mikono, mdundo wa miguu. Mazoezi mengine ni mepesi kiasi kwamba mgeni anashangaa hii ndiyo siri ya Iten. Likizo ya Aprili kuna kambi, ya Agosti kuna kambi, ya Desemba kuna kambi. Mwaka ujao, tena. Kijana akija na miaka kumi na tano anamkuta pale. Akiwa na ishirini na tano, amevunjika moyo au amevunjika mguu, akirudi anamkuta pale pale. Rudisha aliumia, akakosa misimu, akarudi kwa mzee yule yule, akatetea dhahabu yake Rio 2016.

Ni hivyo hivyo hata kwa Eliud Kipchoge. Alipokuwa kijana alimwomba jirani yao, Patrick Sang, yule aliyepata fedha nyuma ya Birir pale Barcelona, ampe ratiba ya mazoezi. Akapewa ya siku chache. Zikaisha, akarudi kuomba nyingine. Zikaisha, akarudi. Kipchoge tunamsifu kwa kurudi, lakini Sang pia alikuwa pale kila alipotafutwa. Ukirudi ukakuta mlango umefungwa mara mbili, mara ya tatu unatafuta kazi ya mjengo.

Kwa hivyo nikaona, aha, nimepata ujumbe wangu: kocha ni yule anayekaa. Nikaanza kuandika posti tamu kabisa. Makocha wetu wa mtaani, kaeni! Kuweni kama Brother Colm! Nilikuwa nimeshaandika mpaka aya ya tatu ndipo nikakumbuka traki ya Mwalimu iliyofifia, nikaifuta yote.

Tuseme ukweli. Brother Colm alikaa, na alikaa kwa moyo, hilo hakuna anayebisha. Lakini pia alikuwa na mahali pa kukaa. Nyuma yake kulikuwa na shirika, kulikuwa na nyumba, kulikuwa na shule ya bweni yenye uwanja, na wanafunzi wanaolala hapo hapo. Asubuhi anawakuta. Jioni anawakuta. Hakuamka tarehe tano akimsikia keyteka akigonga mlango. Na barabara ya udongo ya Iten hakuna anayeiuza.

Sisi huku? Uwanja wetu kila uchaguzi ukikaribia tunasikia una mwenyewe mpya. Mtoto uliyemfundisha mwaka mzima kukaba, mama yake anaongezewa kodi, wanahamia Ruai, umempoteza. Na kocha mwenyewe ni mpangaji kama wao. Kumwambia mtu kama huyo "kaa kwa moyo" ni kumwambia alipe kodi kwa moyo.

Kati ya Kawangware na Kibera, pale Jamhuri tulipokuwa tunapita kwa miguu tukienda kupigwa tano, kazi ya kujenga uwanja wa Talanta ilianza 2024. Viti 60,000, kwa ajili ya AFCON ya 2027 tunayoandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Mimi siupingi. Nitaenda, na nitapiga kelele. Mfumo mpya wa elimu nao una mkondo mzima wa sanaa na michezo kwenye sekondari ya juu. Vizuri. Lakini juu ya uwanja wa viti 60,000 na juu ya mkondo wenye jina refu, bado kuna mtoto wa miaka kumi na mbili ambaye jioni anahitaji mtu mzima mmoja, filimbi moja, na mpira usio na uzi wa fundi viatu. Hilo halijengwi na korongo.

Wiki mbili baada ya ile Jumatatu, Mwalimu akanipigia simu. Akaniambia goti lake limekataa, na Desemba anarudi ocha. Shamba linamngoja. Akasema, "Nakuomba kitu kimoja. Jumanne na Alhamisi, uwashike hawa wadogo. Mimi nitajikaza na Jumatatu mpaka niende."

Nikamwambia, "Nitakuambia, Mwalimu."

Mnajua maana ya "nitakuambia" Nairobi.

Nilikuwa na sababu zangu. Kazi yangu haina saa. Video inatoka usiku, mteja anapiga simu wakati wowote. Mimi si kocha, sina cheti. Halafu nikakumbuka mwalimu wa jiografia, na sababu ya cheti ikafa yenyewe. Zikabaki zile nyingine.

Nikaamua nimtafute namba mbili. Yule wa mlango uliofungwa na kufuli. Nilisikia yuko Kibera siku hizi, ni fundi wa kuchomelea mageti, karibu na Olympic. Nikapanda mat, nikamkuta saa kumi na nusu anafunga kibanda. Akanikumbatia na mikono ya masizi. Akasema, "Twende, nimechelewa."

Nikamfuata bila kujua tunaenda wapi. Tulitokea kwenye kiwanja kidogo kati ya nyumba za mabati, si kikubwa kuliko maegesho ya supamaketi. Wasichana kama kumi na watano walikuwa wanamngoja. Akatoa filimbi mfukoni, ile ile filimbi ya chuma aina ya Mwalimu. Akawaambia kitu nilichokisikia mara elfu nikiwa mtoto: "Mpira hauna haraka. Wewe ndiye una haraka." Nikageuka nikijifanya naangalia simu.

Jua lilipozama akawapanga. Wa Gatwekera huku, wa Lindi huku, wa Makina huku. Wale wadogo zaidi akawapeleka mwenyewe, mlango kwa mlango. Nikatembea naye. Kila mlango alisimama mpaka mtu mzima akatoka. Sikumuuliza alijifunza wapi.

Nilimuuliza kitu kingine. "Nani anakulipa?" Akacheka sana. Nikamuuliza, "Sasa unawezaje kukaa? Ukipata kazi Rongai?"

Akaniambia jambo ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote. Mwaka wa kwanza alijaribu peke yake, siku tano kwa wiki. Akipata kazi mbali, wasichana wanangoja mpaka giza. "Wakiningoja mara tatu bila kuniona," akasema, "mara ya nne hawaji. Na sio mpira tu wanaacha. Wanaacha kuamini mtu akiwaambia kesho." Karibu aache. Ndipo mama mmoja wa duka la makaa akasema yeye atakuwa anaweka mipira na kuita majina. Kisha dada mmoja mwalimu wa chekechea akachukua Jumatano. Kisha kijana wa nduthi aliyewahi kuchezea timu ya mtaa akachukua Ijumaa. Yeye namba mbili akabaki na Jumatatu na Alhamisi. Wote wanne wanajuana kwa simu. Mmoja akikwama, mwingine anafika. Kutoka wapange hivyo, aliniambia, wasichana hawajangoja bure hata siku moja.

Njiani kurudi nilikaa dirishani kwenye mat nikiwaza. Nilikuwa nimekosea mahali. Nilidhani kukaa ni kitu cha mtu mmoja mkubwa, mtu wa aina ya Brother Colm, ambaye Mungu anamtuma mara moja kwa karne. Lakini hata Brother Colm hakukaa peke yake. Timu ilikuwepo kabla yake, mtu alimwachia. Kulikuwa na shirika lililomlisha, na walimu wenzake. Kule Iten yote hayo yalikuwa chini ya paa moja. Sisi paa hilo hatuna. Basi kukaa kwetu lazima tukugawane: wewe siku yako, mimi siku yangu, mama wa makaa na funguo ya mipira.

Na nikaelewa pia Mwalimu aliacha nini. Nilikuwa natafuta mchezaji wa Ligi Kuu. Nilikuwa natafuta mti wenye kibao. Kumbe nilipaswa kuangalia nani anasimama mlangoni usiku akingoja mtu mzima atoke. Huko Kibera kuna wasichana kumi na watano ambao hawajawahi kumwona Mwalimu, hawajui jina lake, na kila jioni wanafikishwa nyumbani na yeye.

Sisemi vikombe havina maana. Nikipata mtoto mwenye kipaji cha Rudisha nitataka apate kocha anayejua kazi yake, apate viatu, apate safari. Na nataka serikali ya kaunti ilipe mwalimu wa gemu kama inavyolipa askari wa jiji. Hilo nitaendelea kulipigia kelele hapa hapa, na mtachoka. Wageni wa Jumamosi pia sitawafukuza. Maji ya chupa tulikunywa na jezi bado zinavaliwa. Ningewaomba kitu kimoja tu: mkija na pesa za bango, ulizeni kwanza nani huwa hapa Jumatatu, na fea yake ni ngapi.

Lakini kelele ni kazi yangu, naijua. Kazi nyingine ndiyo nilikuwa naikwepa.

Jana nilimpigia Mwalimu. Nilimwambia Jumanne sitaweza, na sitaki kumdanganya. Alhamisi ninaweza. Kila Alhamisi, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, mvua au jua. Akanyamaza kidogo. Nilidhani amevunjika moyo, kwa sababu aliomba mbili nami nimempa moja. Kisha akasema, "Alhamisi moja ambayo unakuja ni bora kuliko mbili za mdomo. Njoo wiki hii nikuonyeshe wanavyojificha kwenye mbio za kuzunguka uwanja."

Kwa hivyo hesabu iko hivi. Desemba Mwalimu anaenda. Alhamisi imepata mtu. Jumatatu, Jumanne na Ijumaa hazina. Kama unakaa Kawangware, kama uliwahi kucheza hata ya karatasi za nailoni, na una saa mbili kwa wiki ambazo huwa unazimaliza ukiniangalia mimi, niandikie. Cheti hatuulizi. Tunauliza siku gani, na kama kweli utakuja.

Simu nitaiacha nyumbani.